Waziri mkuu wa kura 101

Göteborg, Jumapili

Shoga yangu Mwanahawa,

Salaam nyingi. Sisi huku wazima, hofu ni kwenu mlioko Tanga.

Umeniuliza, kwa ajili ya wanafunzi wako wa Uraia, iweje hapa Uswidi mtu awe waziri mkuu kwa kura 101 katika Bunge la watu 349. Hukusoma vibaya, na wala hakuna aliyeiba kura. Kwetu Rais anateua mbunge, jina linapelekwa Bungeni, wengi wakiafiki yamekwisha. Huku Rais hakuna, na mfalme waliyenaye Katiba ya 1974 ilimwondoa kabisa kwenye shughuli hii. Kazi yote anayo Spika.

Spika huyo ni mshenga hasa. Anawaita viongozi wa vyama mmoja mmoja, anapima nani yuko radhi kukaa na nani, kisha analeta jina moja mbele ya Bunge. Sasa sikiliza: wanaohesabiwa si wanaomtaka, ni wanaomkataa. Wakifika 175, kaanguka. Wasipofika, kapita, hata kama waliosema ndiyo ni wachache. Anayejiweka kando, kwa hesabu hiyo, kamsaidia. Majina anayoleta Spika yakikataliwa mara nne, wananchi wanarudi kupiga kura.

Tarehe 24 Novemba 2021 aliletwa Magdalena Andersson, waziri wa fedha, baada ya Stefan Löfven kung'atuka. Ndiyo 117, hapana 174, waliojiweka kando 57. Ingeongezeka hapana moja tu, asingepita. Akawa mwanamke wa kwanza kupewa cheo hicho hapa.

Utamu uko kwenye hao 57. Chama cha Mrengo wa Kushoto kilikubali kutompinga baada ya kuahidiwa, usiku wa kuamkia kura, nyongeza ya pensheni kwa wazee wenye kipato kidogo. Chama cha Kati nacho hakikumpinga, ila ahadi ile ikakikera, kikakataa kuiunga mkono bajeti yake. Basi siku hiyohiyo Bunge likapitisha bajeti ya wapinzani! Chama cha Kijani, mshirika wake serikalini, kikasema hakitawali kwa bajeti iliyoandikwa pamoja na watu wa kulia kabisa, kikatoka. Desturi ya huku ni kwamba chama kikitoka kwenye serikali ya ubia, waziri mkuu anajiuzulu. Akajiuzulu jioni ile, hata ofisi hajakabidhiwa.

Tarehe 29 Spika akamrudisha, safari hii chama chake peke yake. Wale 16 wa Kijani wakahamia kando, ndiyo zikashuka hadi 101, hapana 173, kando 75. Akapita tena, akaongoza nchi na bajeti ya mahasimu wake mkononi. Mimi naona wamezidisha, maana serikali ya namna hiyo inaomba ruhusa kila kukicha. Mume wangu ananibishia, anasema bora hivyo kuliko kukaa miezi bila serikali, kama baada ya uchaguzi wa Septemba 2018, walipoipata Januari.

Mwaka 2022 Ulf Kristersson alipita kwa 176 dhidi ya 173, hakuna aliyejiweka kando. Huo mfano usiwape kwanza, watadhani ni kama kwetu.

Nisalimie mama na watoto. Na yule kijana aliyeuliza swali hili, niambie anaitwa nani.

Wako,
Zuhura