Kigango mlichokiuza Jumamosi

Wajukuu zangu,

Assalaam aleikum. Jumamosi iliyopita mlikuwa sita sebuleni kwangu hapa Mombasa, mkicheza ule mchezo wenu ambao mmoja husimulia hadithi na kila mwingine huigiza shujaa wake, na dadu zenu na karatasi za wahusika wenu, nami niko jikoni napika mahamri. Nilisikia yote. Mashujaa wenu waliingia kijiji cha "Wanyika", wakamuua mzee mwenye mvi kwa kuwa ni mchawi, kisha mmoja wenu akarusha dadu ya pande 20, ikatoka 17, mkashangilia. Mmeng'oa kigango, nguzo ya kumbukumbu ya marehemu, mmekiuza vipande 300 vya dhahabu. Sikusema neno siku ile, maana ningelia. Leo naandika, tena kwa uwazi, kwa sababu najua meza yenu si ya pekee.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa Mgiriama, mzaliwa wa Kaloleni. Wewe mjukuu wangu unayesimulia mchezo, hiyo ni damu yako. Kwa Wagiriama kigango ni nguzo ya mti mgumu inayochongwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima. Marehemu huja ndotoni, au maradhi yakaandama nyumba, ndipo wanawe wanapomsimamishia. Kikishasimama hakihamishwi. Watu wakihama, chenyewe hubaki pale pale, na huko waendako huweka kingine kidogo, kibao. Kwa hiyo wezi huvikuta peke yavyo, katika mahame. Mwaka 1985 familia moja ya Kigiriama iliibiwa viwili. Vilikuja kuonekana Marekani, kila kimoja katika makumbusho yake, na vikarudi kijijini mwaka 2007, baada ya miaka 22. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver nayo ilikubali kurudisha 30. Vipo vingine vingi huko bado. Mlichokicheza nyinyi kwa dakika kumi kuna watu wamekifanya kweli, na kuna wazee waliokufa wakikitazama kile kishimo kitupu.

Na yule mzee mwenye mvi. Kilifi, mwendo wa saa moja na kitu kutoka hapa mlipokaa, wazee wanauawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi chanzo kikiwa shamba la urithi. Wapo wanaopaka mvi zao rangi nyeusi kwa hofu. Wapo waliokimbia makwao wakapata hifadhi Kaya Godoma, kule Ganze. Katika mchezo wenu hakuna aliyeuliza nani kasema huyu ni mchawi, na anayesema atapata nini mzee akifa. Lingekuwa swali zuri mno la kuchezea!

Hata jina. "Wanyika" tuliwaita sisi watu wa mjini, kwa maana ya watu wa porini. Wenyewe, tangu miaka ya 1940, wanajiita Mijikenda, miji tisa, na Wagiriama ni mmoja wao. Nimelisikia neno hilo la zamani nyumbani kwa baba yangu, mama yangu akiwa amekaa papo hapo, na nimemwona akiinamisha uso kwenye ungo wake wa mchele. Ndiyo maana lilinichoma kulisikia tena, tena kwa sauti ya mjukuu wake.

Sisemi msicheze watu wengine. Mchezo wa kila mtu kujicheza mwenyewe una faida gani? Yule binti aliyemcheza nahodha mzee wa Sur, kule Oman, aliyepoteza macho, alinifanya nizime moto nisikilize. Kabla ya kuanza alikuwa ameuliza nahodha kipofu anajuaje pepo za kaskazi zimeanza, anakula nini akiwa baharini, anamkumbuka nani. Hakuigiza lafudhi hata mara moja, na bado nilimwona Mwarabu yule. Bawabu wenu wa Kigiriama, kwa upande wake, alikuwa lafudhi tu. Mlicheka kila alipofungua mdomo, na mpaka leo sijui alikuwa akilinda nini wala ana watoto wangapi.

Mjukuu wangu ameniambia mchezo mkubwa wa namna hii, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, na kwamba vitabu vyake vya zamani vina mataifa mazima yaliyoumbwa maovu, mtoto hadi kikongwe. Mwaka 2020 wachapishaji wenyewe walikiri kwamba baadhi ya maelezo hayo yanafanana mno na jinsi makabila ya kweli yalivyotukanwa, wakaanza kuyarekebisha, pamoja na watu fulani wa kubuni waliochorwa kwa dhihaka za kale dhidi ya Waroma wa Ulaya. Kama wao waliweza kurudi nyuma, nyinyi mna nini cha kuwazuia?

Basi nawaombeni. Mkitaka kitu kitakatifu cha kuibwa, kibunini chenu, chenye jina lenu. Na mmoja wenu akisema hapa nimeumia, simamisheni mchezo bila kumdai ushahidi. Lakini msimgeuze mwalimu wa kabila lake. Huenda amekuja kucheza tu kama nyinyi.

Jumamosi ijayo mjomba wangu anakuja Mombasa kwa ajili ya macho yake. Nimemwomba akae nanyi saa moja kabla ya dadu, na amekubali. Muulizeni, naye akikataa kujibu jambo, liacheni. Kisha msianze mchezo mpya. Endeleeni pale pale mlipoachia: kigango kiko kwa mnunuzi, dhahabu mmekwisha kuitumia, na wana wa marehemu wamefika mlangoni wanauliza baba yao yuko wapi. Msimulizi, hao wana wape majina.

Bibi yenu