Matabibu wafundishwe kukagua viungo kwa mikono

Ndugu Mhariri,

Mama mmoja alifika kwetu na binti yake wa miaka 3 mgongoni. Homa siku ya nne, mtoto hataki kukanyaga. Zahanati ya kwanza walimpa dawa ya malaria. Ya pili wakampa dawa ya kuchua goti, kwa kuwa ndiko alikokuwa akionyesha. Nilimlaza, nikamvua kanga: paja limekunjika, limegeukia nje. Goti nikalikunja, hakulia. Nilipouzungusha mguu kidogo tu kwenye nyonga, akapiga ukelele. Usaha ulikuwa nyongani. Alisafishwa usiku uleule hospitali ya rufaa, na leo anatembea akichechemea.

Maumivu ya nyonga mara nyingi husikika gotini. Na nyonga ya mtoto ikijaa usaha ni dharura, maana gegedu, tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, huliwa ndani ya siku chache. Eksirei haiwahi: mfupa ulioingiliwa na bakteria waweza kuonekana mzima kwa siku 10 hadi 14.

Wanafunzi wa utabibu ninaowapokea wodini wanasoma kwelikweli. Watakutajia dalili za jongo (gauti) bila kukwama, watakueleza kwa nini mtoto mwenye selimundu hupata usaha mifupani. Ila mwambie mmoja apime nyonga: anashikashika juu ya nguo, kisha anaandika eksirei na diklofenaki, dawa ya maumivu. Siwalaumu. Moyo na mapafu wamefundishwa kusikiliza, lakini ni wachache waliosimamiwa kando ya kitanda wakaambiwa: tazama, gusa, kisha sogeza, linganisha na upande wa pili, kagua kiungo cha juu na cha chini ya kile kinachouma.

Hata kijana wa bodaboda aliyefungwa hogo (plasta ngumu ya mfupa uliovunjika) jana, leo analia, huishia kuongezewa dawa ya maumivu. Mnyooshe vidole taratibu. Akiruka kwa maumivu, hogo lipasuliwe papo hapo huku daktari akiitwa, kwani uvimbe uliobanwa ndani yake huzuia damu, na misuli iliyokosa damu hufa ndani ya saa chache.

Naviomba vyuo vya afya viweke ukaguzi wa viungo kwenye mtihani wa vitendo, kwa mgonjwa halisi, na anayeshindwa arudie. Hakuna mashine ya kununua hapo. Kinachotakiwa ni kitanda na mwalimu atakayekubali kusimama na mwanafunzi dakika 10.

Tabibu, hospitali ya wilaya,
Mkoa wa Tanga