Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Pembejeo: tuambie potashi ya tumbaku ni ipi

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: AINA YA POTASHI KWENYE MBOLEA YA TUMBAKU

Nakuandikia hadharani kwa sababu orodha ya mbolea hupitishwa mezani kwako, lakini hukumu yake hutolewa mezani kwa mteuzi wa tumbaku, yule anayeyapangia majani madaraja sokoni, miezi kadhaa baadaye, na hapo anayehukumiwa ni mkulima peke yake. Anaambiwa majani yake yana unyevu, yamefifia rangi, hayawaki. Anaambiwa hajui kukausha. Hakuna anayemuuliza mfuko aliogawiwa ulikuwa na nini ndani.

Tumbaku ni mlafi wa potasiamu; huifyonza kuliko hata naitrojeni. Potasiamu ndiyo inayolipatia jani uwezo wa kuungua vizuri. Kwa hiyo swali la kiasi cha potashi kwenye mbolea (yaani potasiamu ikihesabiwa kama oksidi yake, K2O) ni la haki, na wataalamu wako hulijibu. Wasilolijibu ni swali la pili: potashi hiyo imetoka kwenye chumvi gani?

Kloridi ya potasiamu ina asilimia 60 ya potashi, na ni nafuu. Salfeti ya potasiamu ina asilimia 50, na bei yake iko juu. Ukilinganisha kwenye karatasi, ya kwanza inashinda kila mara, na kwa mahindi sina ugomvi nayo. Lakini katika mfuko wake wa kilo 50, karibu kilo 23 ni kloridi, na tumbaku haijui kuikataa. Huifyonza kadiri inavyoikuta. Kloridi ikivuka asilimia 1 ya uzito wa jani kavu, ubora huanza kushuka. Ikifika asilimia 2, jani limeharibika. Linavuta unyevu wa hewa, linalegea, linaota ukungu kwenye marobota, hata kama aliyelikausha alikesha na moto wa bani, banda la kukaushia.

Huhitaji maabara kuliona hili. Chukua jani kavu, liwashe ukingoni, kisha upulize mwali uzime. Lenye potasiamu ya kutosha, cheche itaendelea kutambaa taratibu ikiacha jivu jeupe nyuma yake. Lililojaa kloridi litazimika papo hapo na kubaki na ukingo mweusi. Ningependa kipimo hiki kifanyike mbele ya wote wanaotia saini orodha ya pembejeo.

Sidai kwamba kloridi ni sumu. Tumbaku inaihitaji kidogo, na kilo 20 hadi 30 kwa hekta hazimdhuru mtu. Shida ni kwamba hakuna anayepiga hesabu yake yote, kwa kuwa haiingii shambani kwa mfuko tu. Maji nayo huileta. Milimita 100 za umwagiliaji kwenye hekta moja ni lita milioni 1. Kama kisima kina miligramu 50 za kloridi kwa lita, mkulima amemwaga kilo 50 za kloridi bila kufungua mfuko wowote. Akiwa na kisima cha namna hiyo, hata mbolea safi haitamwokoa. Ongeza na mabaki ya mbolea ya mahindi ya msimu uliopita: kwenye udongo wa kichanga mvua huyaosha, kwenye mfinyanzi usiopitisha maji vizuri hukaa.

Udongo una visa vyake zaidi. Kichanga hakishiki potasiamu. Mvua kubwa mbili baada ya kupandikiza miche hushuka nayo chini ya mizizi. Huko mbolea igawanywe, sehemu wakati wa kupanda na sehemu wiki tatu au nne baadaye, badala ya kumwagwa yote siku moja kwa sababu lori limekuja mara moja. Mfinyanzi, kinyume chake, huweza kuifungia potasiamu katikati ya tabaka zake na kuiachia polepole mno.

Na kuna ukame, ambao naona hata baadhi ya mabwana shamba wanausoma vibaya. Majani ya chini yanaanza kuwa ya njano nchani na kingoni, yanabadilika rangi ya shaba, kingo zinakauka na kujikunja kwenda chini, kisha zinachanika. Ni dalili za njaa ya potasiamu, na ushauri unaokuja ni uleule: ongeza mbolea. Kumbe potasiamu huifikia mizizi kwa kusafiri ndani ya maji ya udongo, na udongo mkavu ni njia iliyofungwa. Unaweza kuwa na potasiamu tele na mmea wenye njaa. Minyoo fundo, ile midogo ya udongoni inayoivimbisha mizizi, ikishashambulia, mambo huwa hayohayo. Kuongeza mfuko hapo ni kutupa fedha, na potasiamu ikizidi huizuia magnesiamu kuingia, ukawa umemtengenezea mkulima ugonjwa mwingine.

Ninachoomba hakihitaji sheria mpya. Mfuko wa mbolea ya tumbaku uandikwe chanzo cha potashi yake na kiwango cha juu cha kloridi, kwa lugha anayoisoma mkulima. Zabuni ilinganishe salfeti kwa salfeti, isilinganishe bei ya kilo ya potashi kana kwamba chumvi zote ni moja. Udongo upimwe potasiamu, magnesiamu na kloridi kabla ya kuagiza, na visima vya kumwagilia vipimwe pamoja nao. Kipimo cha maji ni cha gharama ndogo kuliko robota moja lililokataliwa. Mchanganyiko mmoja kwa kila shamba, kichanga na mfinyanzi, ni urahisi wa ghala tu.

Mbolea huagizwa kabla miche haijatoka kitaluni, kwa hiyo muda bado upo. Naomba unijibu hadharani pia, kwa sentensi moja: potashi iliyomo kwenye mfuko wa msimu ujao ni kloridi au salfeti?

Wako,
Mkulima wa tumbaku