Ripoti hazikosi, chanjo ndizo huchelewa

Mhariri,

Mimi ni muuguzi mstaafu, na ripoti za "mafunzo tuliyopata" baada ya milipuko ya magonjwa nimezisoma hadi miwani imechoka. Ebola ilitangazwa Guinea Machi 2014. Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa Agosti 8. Zaidi ya miezi minne! Nikiri, baadaye lilianzisha mfuko wa dharura, na kwa UVIKO-19 halikusubiri hivyo. Lakini chanjo je? COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo za UVIKO-19, ulilenga dozi bilioni 2 kufikia mwisho wa 2021; haukufikisha hata nusu. Mkataba wa magonjwa ya mlipuko ulipitishwa Mei 2025, huku kiambatisho cha kugawana vimelea (yaani sampuli za vijidudu vya magonjwa) na manufaa yake, kama chanjo, kikiachwa kijadiliwe baadaye. Mimi ningeanza na hicho.

Muuguzi mstaafu