Yule wa mwembeni si mtoto wa mjusi kafiri

Ndugu Mhariri,

Msomaji mwenzetu ameandika katika ukurasa huu kwamba vile vijusi vya kijivu vinavyokimbia mitini mchana ni watoto wa mjusi kafiri, kwamba wana sumu, na kwamba tukiwaua wangali wadogo hatutasumbuliwa na wakubwa usiku. Nampinga. Mimi ni fundi cherehani hapa Kasese, nashona barazani hatua mbili kutoka kwenye mwembe, na vijusi hivyo nimeshinda navyo miaka 11.

Mwezi wa tatu mmoja alipanda kioo cha dirisha langu. Nikaingia ndani nimtazame kwa chini. Ngozi ya tumbo lake ni nyembamba, na ndani yake yalionekana mayai mawili meupe, kama punje za kunde. Nikaweka tepu juu ya kioo: sentimita 7, toka pua hadi ncha ya mkia. Mtoto gani huyo mwenye mimba?

Kioo kilinionyesha na mengine. Kidole gumba cha mguu wake ni kidogo mno, ukitazama haraka utahesabu vidole vinne. Na chini ya ncha ya mkia ana vigandio kama vile vya vidoleni, kwa hiyo hata mkia wake hushika ukuta. Mjusi kafiri hana hivyo mkiani, na vidole vyake vitano vyote vinaonekana wazi, hata akiwa ametoka kwenye yai jana.

Halafu jicho. Mboni ya huyu wa mchana ni duara, kama kichwa cha pini. Mjusi kafiri ukimfumania mchana nyuma ya kabati, mboni yake imesimama wima, nyembamba kama tundu la kifungo. Mtoto wake naye ana jicho hilo hilo, naye pia hungoja giza. Kwa nini basi akimbizane na sisimizi kwenye shina la mwembe juani?

Wateja wangu Waganda huwaita wote omunya, nasi tunasema mjusi tu, ndipo wanapochanganywa. Wataalamu wamewatenga: mdogo wa mchana ni Lygodactylus gutturalis, mjusi kafiri wetu wa taani ni Hemidactylus mabouia. Wote wawili hawana sumu hata tone.

Yule wa dirishani hakufika jioni. Mteja alimpiga kwa ndala, na mayai yake yakapasukia pale pale kwenye kizingiti. Nilikifuta mwenyewe, na siku ile sikushona tena.

Namwomba mwandishi wa barua ile aje Kasese. Benchi la wateja lipo. Afike saa nne asubuhi, jua likishapiga shina la mwembe, nimwonyeshe jicho kwanza.

Fundi wa barazani,
Kasese