Shukrani hata mfuko ukiwa mtupu

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Tangu kazi isimame nimekuwa mtu wa kununa tu, hadi juzi usiku mwanangu kanishika mkono akasema baba siku hizi nikilala unakuwepo, aisee nilishindwa kujibu. Kuna watafiti wa Marekani, Emmons na McCullough, mwaka 2003 walitoa utafiti, watu waliandika mambo mpaka 5 ya kushukuru kila wiki kwa wiki 10, wakayaona maisha yao mazuri kuliko wale walioandika kero. Sasa na mimi naandika, nyuma ya bili ambayo sijalipa. Deni liko palepale na simwambii mtu asilalamike, maisha magumu kweli, ila usingizi umeanza kurudi. Jana niliandika kimoja tu, mkono wa mwanangu.