Kwa vijana wa benchi la methadoni

Wanangu mnaoanza Jumatatu kazi ya uelimishaji rika kwenye kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa ya kutibu uraibu wa heroini,

Shikamoo zenu nimezipata kwenye simu, marahaba. Naambiwa mmeshapewa fulana, kitambulisho cha kuvaa shingoni na daftari la kuandika mliowafikia. Mmeniomba niwape "neno moja la mzee". Neno moja sina. Ninayo mengi na mengine yatagongana, ndiyo maana nimeona niandike, kwani nikishika maiki siachii.

Wengine hamnijui. Nilikula unga, yaani heroini, miaka kumi na minne hapa hapa Dar es Salaam. Nilianza na kokteli, ule msokoto wa bangi uliotiwa unga, nikaishia kwenye bomba la sindano. Kliniki ya methadoni ilipofunguliwa Muhimbili Februari 2011, nilikuwa kwenye kundi la waliocheka. Maskani tulikata shauri kwamba serikali imeamua kutulewesha yenyewe ili tusiisumbue. Mwaka uliofuata ikafunguliwa nyingine Mwananyamala, na yule niliyecheka naye kuliko wote ndiye aliyekuja kunishika mkono. Yeye alikuwa tayari na miezi kadhaa ya dozi, na siku hiyo alivaa shati lililopigwa pasi. Maneno aliyosema siyakumbuki hata moja. Pasi naikumbuka mpaka mistari yake.

Sasa nianze na ninyi. Mmechukuliwa kwa sababu ya maisha mliyopitia. Hakuna kati yenu aliyeulizwa cheti cha kidato cha nne. Mliulizwa mlikula miaka mingapi na mna muda gani klini, yaani bila kugusa unga. Historia hiyo ndiyo mtaji wenu, na ndiyo itakayowaponza mapema kuliko kitu kingine chochote. Nasema hivyo kwa sababu iliniponza mimi.

Kliniki yenyewe siitaji. Kulikuwa na kijana fundi wa kushona viti vya magari, ametulia kwenye dozi miezi mitano, ameanza hata kumpelekea mama yake hela ya sokoni. Ghafla akaanza kufika asubuhi na dalili za arosto, yale mateso ya mwili uliokosa unga au dozi: miayo, machozi, kamasi, vinyweleo vimesimama kama kuku aliyenyonyolewa. Akaniambia, "Mzee, dozi hainifikishi. Ikifika usiku, arosto." Nikamjibu, tena mbele ya wenzake, "Mwanangu, dozi hiyo hiyo mimi nimeinywa nikalala kama mtoto. Wewe hutafuti dozi, unatafuta stimu." Benchi zima likacheka. Nami nilijiona mjuzi, maana enzi zangu niliwahi kujifanya nina arosto ili niongezewe. Kwa hiyo nilijua, au nilidhani najua.

Baada ya wiki mbili hakuonekana tena. Nesi ndiye aliyekuja kugundua kwamba mwezi ule ule kijana alikuwa ameanzishiwa dawa za TB kwenye zahanati ya karibu na kwao. Hakututajia kwa kuogopa kwamba tutamfukuza benchi asituambukize. Ndani ya dawa za TB kuna rifampisini, na rifampisini hulichochea ini liivunjevunje methadoni haraka. Dozi iliyomtosha mtu mwezi jana haimfikishi tena kesho yake. Baadhi ya dawa za VVU nazo hufanya hivyo. Daktari akijua, anapandisha dozi, kazi imekwisha. Na mtu akimaliza TB lazima aangaliwe tena, maana ini likishapoa, dozi ile iliyopandishwa inaweza kumzidi.

Kijana alikuwa ananiambia ukweli kwa mdomo, kwa macho na kwa ngozi yake yote. Mimi nilikuwa namsikiliza mimi wa 2012.

Alirudi baada ya miezi saba akiwa na kidonda pajani. Hakunisalimia. Akakaa mwisho kabisa wa benchi, nikaenda nikakaa pembeni yake, tukanyamaza mpaka dirisha la kutolea dozi likafunguliwa. Tulikwenda hivyo karibu wiki mbili. Sikumbuki kama nimewahi kufanya kazi ngumu kuliko ile ya kukaa bila kumwambia kitu.

Kwa hiyo mtu akikwambia hali yake, usianze na "hata mimi". Muulize: tangu lini? Saa ngapi inaanza? Umeanza dawa gani nyingine? Unalala wapi siku hizi? Umekula? Halafu mpeleke kwa nesi ukiwa na majibu hayo mkononi. Nesi ana watu wengi kwenye foleni na ana dakika chache, wewe una asubuhi nzima ya benchi. Hapo ndipo thamani yako ilipo, na mafunzo mliyopewa hotelini kwa siku tano na biskuti hayakulisema hilo vya kutosha.

Msije mkasema mzee kakataza kusimulia. Mwezi Mei 1935, mjini Akron huko Ohio, Marekani, mtu aliyeitwa Bill Wilson alikuwa amesimama kwenye ukumbi wa hoteli, dili lake la biashara limekufa, na baa iko hatua chache kutoka aliposimama. Alikuwa na miezi michache tu tangu aache pombe. Miezi hiyo yote alikuwa amewahubiria walevi wa New York, na hakuna hata mmoja aliyeacha. Siku hiyo akashika simu, akapigia watu wa makanisa, akiomba atafutiwe mlevi yeyote wa kuongea naye. Wakamkutanisha na daktari wa upasuaji, Robert Smith, ambaye alikubali kumpa dakika kumi na tano. Wakakaa saa kadhaa. Hapo ndipo Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, ilipoanzia, na mwaka 1953 huko California ikafuata Narcotics Anonymous ya watu wa dawa za kulevya, ile ambayo mikutano yake wengi wenu mliijua mkiwa soba hausi, nyumba za kuachia ulevi.

Tazameni kilichobadilika. New York alikuwa anawafundisha watu. Akron aliyekuwa anazama ni yeye, na alimsimulia daktari kwa sababu alihitaji kushika kitu. Basi simulieni mkiulizwa, kwa ufupi, na muishie pale swali lilipoishia. Yule anayekusikiliza ukieleza jinsi ulivyolala mtaroni Kariakoo, ametoka mtaroni leo asubuhi. Hadithi hiyo si ngeni kwake.

Kuna jambo la maneno pia. Kitaalamu mgonjwa anaitwa mteja, mtaani anaitwa teja. Neno ni lile lile, limekatwa kichwa tu. Nimeona waelimishaji rika wakirudi kwenye mitaa yao na fulana mpya, na siku ya tatu wanasema "hawa mateja hawa" kama watu walioshuka na ndege. Hasira hiyo naielewa. Unapoona mtu akifanya yale uliyoyafanya, unaona aibu yako inatembea. Lakini mwenzako atakuwa ameshaliona hilo usoni pako kabla hujafungua mdomo.

Maskani mnaijua, sitawafundisha. Ila msiisahau yote. Kwenye miaka ile ya 2005 hivi, hapa Dar, baadhi ya wanawake walikuwa wakimaliza kujidunga wanavuta damu yao kwenye bomba na kumpa mwenzao aliyekosa hela, ajidunge damu hiyo angalau arosto ipungue. Tuliita flashiblad. Watafiti walipoiandika, watu walishangaa ujinga wetu. Ilikuwa hatari, damu ile ilibeba VVU na homa ya ini moja kwa moja. Lakini mnajua wenyewe haikuanza kwa ujinga, ilianza kwa huruma ya mtu asiye na kingine cha kutoa. Mkienda kuwaambia watu waache kuchangia sindano, jueni mnagusa undugu wao. Pelekeni sindano safi za kutosha kila mtu na mwenzake, ndipo mfungue mdomo.

Wanawake mtawaona wachache benchini, si kwa sababu ni wachache mtaani. Dirisha linafunguliwa asubuhi wakati wengine ndio kwanza wamelala, mtoto hana wa kumwachia, na mwanaume anayempa kete ya unga hataki aende. Akiwa mjamzito, asidanganywe na mtu kwamba aache ghafla ili amsafishe mtoto. Kuacha unga ghafla kunaweza kumtoa mimba, na methadoni ndiyo salama zaidi kwake. Mtoto akizaliwa anaweza kuwa na arosto ndogo, hospitali wanaitibu. Mwambieni mapema, na ikiwezekana aambiwe na mwanamke mwenzake.

Sasa kifo, maana mtakiona. Anayekufa kwa kuzidiwa na unga mara nyingi si yule aliyekuwa akidunga kila siku. Ni aliyetoka gereza la Segerea, au aliyetoka soba hausi na miezi minne klini, mashavu yamejaa, akarudi kwenye kipimo chake cha zamani. Mwili umeshasahau. Mwambieni hilo kabla hajatoka. Kuna wasimamizi watakaonuna wakisema mnamfundisha kurudi. Wanune tu. Vivyo hivyo kwa aliyekosa dozi za methadoni siku kadhaa mfululizo: asibembeleze dirishani apewe ile ile, daktari amwone kwanza. Na anayekunywa dozi akaongeza pombe kali au vidonge vya usingizi vya valiamu, mkalisheni chini siku hiyo hiyo.

Mkimkuta mtu haamki hata ukimsugua mfupa wa kifua, anakoroma vibaya au midomo imebadilika rangi, achaneni na maziwa, maji ya chumvi na kumtembeza. Mpulizieni pumzi. Akianza kupumua mwenyewe mlazeni ubavu, na mtu akimbie kutafuta bajaji ya hospitali. Dawa ya nalokisoni ikipatikana humrudisha ndani ya dakika chache, lakini haikai mwilini muda mrefu, na akiwa amekunywa methadoni anaweza kuzama tena. Atawaka, atawatukana kwa kumkatia stimu. Msimwache aondoke.

Kuhusu hela nitakuwa mkali. Usimkopeshe mtu wa benchi hela, hata buku. Akisema hana nauli, panda naye daladala umlipie konda mwenyewe. Usishike simu yake "umwekee", usimtunzie kitambulisho. Na siku ya posho usiende maskani, hata kama daftari lina namba za kujaza. Mimi nilikuwa na miaka mitatu klini nilipokwenda na posho mfukoni, na kilichoniokoa ni kwamba mwenzangu tuliyepangwa naye alikuwa na kidole kichungu na hakuacha kulalamika njia nzima. Nendeni wawili wawili. Mwenye kidole kichungu ni bora zaidi.

Posho yenyewe haitoshi na haina uhakika. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kuna wenzenu niliowajua waliambiwa wabaki nyumbani. Walewale waliokuwa na jibu kwa kila mtu, wakakosa wa kumuuliza. Kwa hiyo kila mmoja wenu awe na mtu wake, asiyemsimamia kazini, anayeweza kumpigia saa nane usiku na kusema "leo nimeinusa". Na jifunzeni kazi ya pili ya mikono. Yule fundi wa viti ananifundisha mimi sasa, ingawa nashona kama kipofu.

Nyumbani kwa watu mtakutana na mama ambaye televisheni, feni na godoro lake vimeuzwa na mwanawe mwenyewe. Atawauliza, "Atapona lini?" Msimpe mwezi wala mwaka. Mwambieni methadoni ni dawa ya kila siku kama ya sukari au presha, wengine wanakunywa miaka, na mwanawe akianguka arudishwe, asifungiwe mlango. Kama kuna chai, kunyweni. Kwenye nyumba hizo wageni waliacha kukaribishwa chai siku nyingi.

Jumatatu fikeni mapema kabla dirisha halijafunguliwa. Benchi la kushoto lina mguu mbovu, msikae wanne. Mama wa chapati pale getini ananidai tangu wiki jana, mwambieni nakuja Jumatano.

Mzee wenu,
Babu wa Benchi